Mtu mzima na mvi zangu naambiwa "shuka upande tena" mbele ya vibarua. Hii sefti ni ya nani?

Kipara wa Stoo (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na mkono mmoja, huu mwingine nimeupaka dawa ya meno. Mkikuta herufi zimeruka mnivumilie.

Huyu jamaa wa sefti, ofisa wa usalama kazini, mnamjua. Kila kiwanda kinaye. Helmeti nyeupe isiyo na hata mkwaruzo, riflekta imepigwa pasi, kalamu zimepangwa mfukoni ila ukiazima moja unaambiwa haina wino. Jina sitaji, nina watoto wanasoma. Walioko Barabara ya Pugu wameshamjua nilipotaja kalamu.

Leo saa 4 chai imetoka. Mkono huu kikombe, mkono huu sahani ya chapati mbili, napanda ngazi kwenda ofisini kwangu stoo. Ngazi hiyo naipanda tangu yeye yuko shule ya msingi anaimba "a e i o u". Nimebakiza hatua moja nifike juu, nasikia sauti inatoka chini: "Mzee! Mkono kwenye reli!"

Nikageuka. Nikamwonyesha mikono yote miwili, mwanangu si unaona nimebeba. Akanijibu, mbele ya vibarua, mbele ya watoto wa fildi walioletwa na chuo, mbele ya mama wa usafi anayeniamkia shikamoo kila siku ya Mungu:

"Shuka upande tena."

Shuka. Upande. Tena.

Nikadhani ananitania. Akakunja mikono kifuani, "Nasubiri, mzee." Kuna kibarua mmoja alicheka mpaka akaegemea maboksi. Wakuu, mimi nina wajukuu!

Nikashuka. Ndiyo, nilishuka, msiniulize kwa nini, mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Sasa ili mkono mmoja ushike hiyo reli yake, ikabidi sahani niiweke juu ya kikombe. Nimepanda kwa adabu zote, reli nimeikamata. Katikati ya ngazi sahani ikateleza, chai ikamwagika yote mkononi. Miaka yote napanda bila kushika, sijawahi kumwaga hata tone. Siku niliyofuata kanuni ndiyo nimeungua.

Mnadhani alileta maji? Alileta fomu! Fomu ya Taarifa ya Tukio, na kalamu, na siku hiyo kalamu ikawa na wino. Pale kwenye chanzo kuna viboksi viwili, "mazingira hatarishi" na "kitendo hatarishi". Akaweka tiki mwenyewe: kitendo hatarishi. Maelezo: "Mfanyakazi alibeba kinywaji cha moto kisicho na kifuniko." Nikamwambia siwezi kusaini, mkono wa kusaini ndio ulioungua. Akasema, "Saini kwa kushoto."

Huyu siku Nuhu anajenga safina angesimamisha kazi kwa kukosa kibali cha kufanya kazi juu ya maji.

Na sasa niwaambie asichokiona. Mlango wa dharura wa godauni la sabuni una kibao cha kijani kinawaka TOKEA HAPA, na chini yake kufuli. Eti sabuni zinaibwa. Ufunguo wa kufuli uko kwenye mkufu wake yeye, na yeye saa 10 jioni yuko kwenye daladala anarudi kwake. Shifti ya usiku ikiungua itatokea wapi, kwenye tundu la choo? Wakaguzi wakitangaza kuja, kufuli linapotea. Wakiondoka, kufuli linarudi.

Foklifti honi ya kurudi nyuma imekufa, dereva anapiga kelele kwa mdomo, "oya oya oya." Mashine ya kufungashia imevuliwa kifuniko cha gia kwa sababu kinachelewesha usafi. Kijana wetu alikatwa kidole pale. Kesho yake asubuhi gari la kampuni likamfuata nyumbani, akakalishwa ofisini anahesabu klipu za karatasi, bandeji mpaka kwenye kifundo. Kisa? Pale getini kuna ubao wa SIKU BILA AJALI ILIYOPOTEZA MUDA WA KAZI, na mtu akionekana kazini siku haijapotea. Ubao ukafika 300, ikakatwa keki. Kijana na kidole chake akapewa kipande.

Lakini mimi na chapati zangu ndio hatari ya kiwanda. Shuka upande tena. Mimi!

Nimemaliza, matusi ruksa.

Mla Ubuyu

Siti ya mbele nimewahi. Bisi zipo, mwenye soda asogee.

Fundi Mchundo

Chai.

Kipara wa Stoo

@Fundi Mchundo chai ndiyo iliyoniunguza, mjinga wewe.

Bi Mkubwa wa Gongo la Mboto

Pole baba. Chapati zilipona?

Kipara wa Stoo

Moja ilipona. Nyingine ilienda chini ya ngazi, akapiga picha ya ushahidi.

Bi Mkubwa wa Gongo la Mboto

Basi hapo ndipo alipokosea.

Kichwa Maji

Mzee na wewe ulishuka kweli? Mimi hapa ningekaa palepale juu, ningekula chapati moja moja nikimwangalia.

Mtoto wa Mbagala

@Kichwa Maji wewe unayemwamkia mama mwenye nyumba "shikamoo" mara mbili ukichelewesha kodi? Ungeshuka na ungemwuliza "bosi, nipande ya ngapi?"

Sefti Kwanza

Nimeajiriwa kwenye usalama kazini, niseme kidogo bila jazba. Ngazi zinavunja watu kuliko mnavyodhani, na wengi wanaovunjika ni wale wenye maneno ya "naipanda kila siku". Kwetu mtu aliteleza na boksi la faili, hadi leo anatembea na gongo. Kwa hiyo kushika reli si ujinga. Kosa la huyo ofisa ni namna alivyosema, na kumpandisha mtu tena akiwa bado na chai mkononi. Angempokea kikombe yakaisha.

Ila hilo la kufuli mleta uzi hupaswi kulileta hapa kama utani. Ile Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wanaisimamia, na njia ya kutokea moto ukiwaka haifungwi kwa kufuli. Ripoti.

Mla Ubuyu

@Sefti Kwanza kalamu zako zina wino?

Mtoto wa Mbagala

Ni YEYE huyu! Angalia alivyoandika "bila jazba". Mzee, mtu wako kakufuata mpaka humu.

Sefti Kwanza

Mimi niko Mwanza jamani.

Kichwa Maji

Shuka Mwanza upande tena.

Dada wa Mapokezi

Nyie mna ngazi, sisi tuna birika. Ofisi yetu (mjini, ghorofa ya 9, sitaji) wamepiga marufuku birika la umeme, eti hatari ya moto. Tukanyang'anywa, likafungiwa kwa mtu wa utumishi. Wakati huo chini ya meza yangu kuna ekstensheni moja imebeba kompyuta, printa, feni, chaja za watu wanne na friji ya bosi, na juu yake kiyoyozi kinadondosha maji, toto toto toto. Nimeweka ndoo. Mtu wa utumishi kapita juzi, kaiangalia ndoo, kaniambia ni kikwazo kwenye njia, niiondoe. Chai yake anachemshia birika letu, tunalisikia likinguruma mlango umefungwa.

Fundi Mchundo

Hii nayo chai. Ila hii ina birika.

Wa Athi River

Poleni sana ndugu zangu wa Bongo. Huku kwetu Kenya, afadhali hiyo helmeti yenu mnapewa. Supavaiza wetu alituletea gumbuti, tukashangilia. Mwisho wa mwezi kuangalia payslipu, gumbuti imekatwa. Na ile sheria yetu ya 2007 inasema vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri. Nikamwuliza kwa upole tu, akaniambia nikitaka ya bure nitembee miguu mitupu. Halafu alituletea saizi 9 sisi wote. Mimi navaa 7. Nikitembea mbele gumbuti inabaki nyuma.

Mtoto wa Mbagala

Gumbuti imebaki nyuma imejaza fomu.

Mzee wa Posta

Nimesoma yote, nyote mnacheka na mmempita yule kijana wa kidole. Mleta uzi, huyo mtoto mwambie hivi: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, mchango anatoa mwajiri, mshahara wake haukatwi hata senti. Ajali ikitolewa taarifa, matibabu na fidia vina njia yake. Isipotolewa, kwenye makaratasi kile kidole bado kipo. Ndiyo maana walimfuata na gari. Atafute karatasi ya hospitali aliyotibiwa siku ile, na majina ya walioshuhudia, mapema, kabla hawajaanza kusahau. Keki haijawahi kuwa kiinua mgongo.

Kipara wa Stoo

@Mzee wa Posta ahsante mkuu, kesho namfuata. Karatasi ya hospitali anayo, aliipiga picha.

Lakini wakuu bado sijawaelezea alivyosema. Hakupandisha sauti. Angefoka ningesema kavurugwa huko nyumbani. Alisema taratibu, huku anaangalia saa. "Shuka... upande tena." Na yule mama wa usafi akainamisha kichwa, akawa anafuta palipokwisha kufutwa.

Kichwa Maji

Mzee hii ya kuangalia saa hukuisema mwanzo. Unaongeza nyama.

Bi Mkubwa wa Gongo la Mboto

Aongeze tu, mwenyewe chapati yake imeanguka.

Abiria Sugu

Nyie wa helmeti za peke yenu mnalalamika nini? Njooni kwenye boda. Helmeti moja, abiria wa kuanzia alfajiri. Jana nimepewa moja pale Ubungo, ndani imelowa. Jasho la nani? Hakuna anayejua. Nimeivaa kwa sababu trafiki alikuwa mbele. Nimefika kazini nanuka mafuta ya nazi ya mtu mwingine, na mume wangu ananiuliza.

Dada wa Mapokezi

@Abiria Sugu wewe umepata mafuta ya nazi! Mimi nilitoka na kipande cha rasta ambacho si changu.

Bodaboda wa Kimara

Naomba kujibu kwa niaba ya kijiwe. Helmeti ya abiria tunanunua. Tukiinunua mnasema inanuka, tukiisafisha mnasema ina maji, tusipokuwa nayo faini tunalipa sisi. Kuna dada alikataa kuivaa kwa sababu ametoka saluni, akaishika mkononi njia nzima. Trafiki katusimamisha, dada anamwambia "afande helmeti si hii hapa?" Nani alilipa? Na wengine mnaiweka juu ya wigi bila kufunga mkanda, upepo ukipiga vyote viwili vinaenda. Mimi nimewahi kurudi nyuma kuokota wigi Barabara ya Morogoro, malori yanapita.

Mla Ubuyu

Ulishika reli?

Abiria Sugu

@Bodaboda wa Kimara kwa hiyo suluhisho ni nini, tuje na zetu?

Bodaboda wa Kimara

Ndiyo. Au njoo na kofia ya plastiki ya kuogea uvae kwa ndani. Nina mteja wangu mwalimu anafanya hivyo, hana shida na mtu.

Wa Athi River

Huku kwetu wengine wanaweka mfuko wa nailoni. Lakini mfuko huo ulipigwa marufuku 2017, kwa hiyo ukikutwa nao kichwani una makosa mawili.

Kipara wa Stoo

Wakuu turudi kwenye mada jamani. Nimeletewa barua saa hii kwa simu, onyo la maandishi, na limeandikwa "kukaidi maelekezo ya usalama". Nilikaidi wapi? Nilishuka! Nikapanda!

Kichwa Maji

Labda hukupanda vizuri.

Mzee wa Posta

Usilijibu leo ukiwa na hasira. Jibu kwa maandishi, na kufuli ulitaje humohumo kwenye jibu, kwa tarehe. Likishakuwa kwenye faili lao hawawezi kusema hawakuambiwa.

Machinga wa Karume

Samahani kwa kuingilia uzi. Nina helmeti za pikipiki, mpya kabisa, elfu 25, mazungumzo yapo. Buti za sefti pia zipo, za mtumba, saizi 7 mpaka 10.

Wa Athi River

Saizi 7 ni ngapi?

Abiria Sugu

Helmeti ina kioo?

Machinga wa Karume

Kioo kipo dada. Kimechubuka kidogo tu upande wa kulia.

Abiria Sugu

Mpya imechubukaje?

Machinga wa Karume

Ilianguka wakati naipiga picha.

Dada wa Mapokezi

Toa elfu 12, nije nayo na kofia ya kuogea.

Machinga wa Karume

18 mwisho. Nipo mpaka saa 11.