Mavyaa anasema wao ni uzao wa John Howland wa Mayflower. Nithibitishe vipi?

Mke wa Mwana wa Watu:
Hamjambo wenzangu? Mimi ni mtoto wa Mombasa, nimeolewa huku Massachusetts, Marekani. Mavyaa wangu hatuli chakula bila kutajiwa John Howland, aliyekuja na Mayflower, meli ya walowezi kutoka Uingereza, mwaka 1620. Sasa anataka wanangu waingie chama cha wazao wa meli hiyo, na kazi ya kusaka karatasi nimeangushiwa mimi. Nimefika hadi babu aliyehesabiwa Barnstable, huku huku Massachusetts, kwenye sensa ya 1850. Hapo nimekwama, maana sensa za kabla yake zinamtaja mkuu wa nyumba tu, wengine ni idadi. Halafu kifo cha Howland kimeandikwa 23 Februari 1672/3. Ndiyo mwaka gani huo?

Mzee Makabrasha:
Mwanangu, hapo hapana kosa. Uingereza na makoloni yake, mpaka 1752, mwaka mpya kisheria ulianza 25 Machi. Februari ile kwao ilikuwa bado 1672, kwetu ni 1673. Usipolijua hilo utaona mtoto kazaliwa kabla ya ndoa, uanze kumsengenya bibi wa watu bure.

Sensa achana nazo. Mahakama ya Barnstable iliungua 1827, hati za ardhi zikateketea, lakini madaftari ya mirathi yalinusurika. Shika wosia. Baba akigawa mali humtaja binti kwa jina la ukoo wa mumewe, na wewe unachotafuta ni hicho hasa. Howland mwenyewe, katika wosia wake wa 1672, anawataja Desire Gorham na Hope Chipman, na wote wawili waliolewa wakakaa Barnstable. Tazama pia vitabu vya miji vya vizazi, ndoa na vifo hadi 1850, vingi vimechapwa. Vizazi vya mwanzo vya ukoo, kuanzia Howland, chama kimeshavifanyia kazi. Wewe panda tu hadi ukutane navyo.

Kilembwe:
Na miti ya ukoo ya mtandaoni usiimeze nzimanzima, watu wananakiliana. Wazao wa Howland waliamini miaka na miaka kwamba mkewe alikuwa wa damu ya John Carver, gavana wa kwanza wa walowezi hao. Ilipopatikana hati ya mkono ya William Bradford, gavana aliyemfuata Carver na aliyeandika historia yao, 1855, katika jumba la askofu Fulham, London, ikajulikana Elizabeth ni binti wa John Tilley.

Mke wa Mwana wa Watu:
Ahsanteni sana. Na huyu Howland ndiye aliyekuwa nahodha? Mavyaa ndivyo anavyosema.

Mzee Makabrasha:
Nahodha alikuwa Christopher Jones. Howland alikuwa mtumishi wa Carver. Dhoruba ilimtupa baharini, akadaka kamba ya tanga iliyokuwa ikiburuzwa majini, wakamvuta. Akaja kuzaa watoto kumi.

Mke wa Mwana wa Watu:
Mtumishi! Hilo atamwambia mwanawe, si mimi. Naanza na akina Chipman.