Naomba ushauri: nitalinganishaje ramani ya zamani na ardhi ya leo kabla ya kupitisha mashine ya metali?

Mwana wa Kibokoni (mwenye uzi):
Assalaam aleykum wanajamvi. Mimi ni mkaazi wa Mombasa na napenda sana mambo ya kale. Nimepata nakala ya ramani ya bandari yetu itokanayo na upimaji wa Kapteni Owen wa Uingereza, ambaye mabaharia wake waliipima pwani hii katika miaka ya 1820. Ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, imeonyeshwa nyumba kadhaa, kisima na alama ya magofu, mahali ambapo leo hapana kitu isipokuwa mibuyu na vichaka. Nataka kupapitia na mashine ya kutafutia metali ardhini. Tatizo ni kwamba kila ninapoiweka ramani juu ya picha ya setilaiti, mahali hapo huhama. Mara paangukie shambani, mara paangukie majini. Jambo hili limeninyima usingizi, na muda wangu ni mfupi.

Fundi Ramani:
Wa aleykum salaam ndugu yangu. Fahamu kwanza kwamba ramani hiyo ilichorwa kwa ajili ya nahodha. Mchoraji alijali kina cha maji, ambacho alikihesabu kwa pima, pamoja na miamba, mlango wa kuingilia na alama zionekanazo kutoka baharini. Mambo ya bara mara nyingi aliyakadiria akiwa chomboni au aliambiwa na wenyeji. Kwa hiyo usiufuate ufuo, kwa maana mikoko husogea na baadhi ya sehemu za Kilindini zimejazwa udongo ili kupanua bandari. Shika vitu visivyohama, kama vile pembe za Fort Jesus, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, na Mnara wa Mbaraki. Tafuta nukta zisizopungua nne zilizotawanyika, uziingize katika QGIS, programu ya kompyuta ya kushughulikia ramani, na ukumbuke kwamba kaskazini ya dira ya wakati ule si ile ya leo.

Halafu linganisha na karatasi ya Idara ya Upimaji ya kipimo cha 1:50,000. Hata hapo, milimita moja ya karatasi ni mita 50 za ardhi, ilhali mashine nyingi huitambua sarafu ikiwa chini kwa kiasi cha shubiri moja hivi. Ramani itakufikisha kitongojini tu. Ukishafika, tazama chini utafute vigae vya vyungu, chokaa na mawe ya matumbawe yaliyochongwa.

Mzee wa Kisauni:
Vijana wa leo mnahangaika na setilaiti. Sisi tulipokuwa wadogo tulingoja mvua ya masika ioshe vichochoro vya Mji wa Kale, kisha tukatoka asubuhi kuokota. Niliwahi kupata pesa ya shaba ya 1888, ile ya kampuni ya Waingereza yenye picha ya mizani, nikampelekea bibi yangu. Aliitia katika kisanduku chake cha udi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka alipofariki. Sijui nani aliyeirithi, na mpaka leo naiulizia kila tunapokutana arusini.

Kijana wa Changamwe:
Kaka, mimi naona swali kubwa ni la mashine. Mchanga wenye maji ya chumvi huidanganya mashine ya kawaida, ikalia bila ya kuwapo kitu. Chagua ile unayoweza kuirekebisha kulingana na udongo, la sivyo utachimba misumari na vizibo vya soda mpaka uchoke.

Bi Likoni:
Mwanangu, wote wamekujibu juu ya ramani na mashine, nami nataka kujua ardhi hiyo ni ya nani, na kwa nini muda wako ni mfupi. Katika pwani hii, penye magofu na kisima cha kale aghalabu palikuwa na msikiti, na penye msikiti hapakosi makaburi.

Mwana wa Kibokoni:
Shikamoo Bi mkubwa. Sikulitaja hilo kwa sababu silo nililouliza. Ardhi ni wakfu. Makaburi yapo, ni machache na yamebomoka, na sina nia ya kuyagusa. Nitapita kando yake tu, upande wa chini wa njia ya reli kama ramani inavyoonyesha. Mzee anayeiangalia ardhi ameridhia kwa mdomo. Muda ni mfupi kwa sababu kuna mtu aliyenipa fedha za kununulia mashine, kwa sharti kwamba sarafu zitakazopatikana atazichagua yeye kwanza. Mashine imekwisha lipiwa, na nikirudi nyuma sasa sina cha kumrejeshea. Tena, naamini ni afadhali vitu hivyo vitolewe kuliko kufunikwa na saruji ya majumba ya kupangisha.

Wakili wa Mtaa:
Ndugu, chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, kutafuta vitu vya kale vilivyofukiwa kunahitaji leseni, hata kama utafutaji unafanyika juu ya ardhi bila ya kuchimba. Kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na kikiwa ardhini ni mali ya Serikali. Pesa ya 1888 aliyoitaja Mzee imo katika hesabu hiyo. Na mali ya wakfu haiuzwi wala haitolewi zawadi. Anayeiangalia ni msimamizi, hawezi kukupa idhini ya kitu kisicho chake. Hata Tume ya Wakfu ikikubali, bado utahitaji leseni.

Bi Likoni:
Na aliyelala pale hawezi kukwambia kwamba umepita kando. Kaburi lililobomoka ni kaburi.

Mchunguzi wa Makupa:
Samahanini, lakini uzi huu una kasoro. Waingereza wa Owen waliishika Mombasa kuanzia 1824 hadi 1826. Reli ilianza kujengwa 1896. Ramani ya Owen imeionaje njia ya reli? Ama ramani haipo, ama mwenye uzi anatafuta wateja wa mashine, na kesho atatuletea bei.

Kijana wa Changamwe:
Sikuliona hilo. Kama ni tangazo, nami nimelisaidia bila ya kujua, na sikupendezwa.

Mwana wa Kibokoni:
Wallahi siuzi chochote. Reli imechorwa humo kwa wino uleule.

Fundi Ramani:
Tusimhukumu haraka. Ramani za bahari za Uingereza zilitolewa tena na tena kwa miongo mingi, zikiongezwa mambo mapya huku jina la mpimaji wa kwanza likibaki katika kichwa. Yawezekana kabisa karatasi yenye jina la Owen ikawa na reli. Ila ikiwa ni hivyo, ramani yako ni ya baada ya 1896, na magofu hayo huenda yaliongezwa na mtu mwingine. Pengine ni nyumba zilizovunjika miaka michache tu kabla ya toleo hilo. Tarehe za toleo na za masahihisho huchapwa katika ukingo wa chini. Ndugu, tusomee ukingo huo, na mahali penyewe usipataje.

Mwana wa Kibokoni:
Ukingo huo sinao. Karatasi yenyewe iko kwa yule aliyenipa fedha. Alinipigia picha kipande hicho tu, akasema kinanitosha.

Wakili wa Mtaa:
Mapatano yenu mliyaandika?

Mwana wa Kibokoni:
Hatukuandikiana. Ni mtu mwenye heshima zake, sikuona haja.

Wakili wa Mtaa:
Basi siku utakayokutwa pale, ardhi itakuwa ya wakfu, kilichomo kitakuwa cha Serikali, na mashine itakuwa mikononi mwako peke yako. Yeye jina lake halimo popote. Mwombe karatasi nzima kabla hujaenda, uone atakujibu nini. Na watu wa Makumbusho wako Fort Jesus, si mbali na kwenu Kibokoni. Kuuliza habari za leseni hakukupotezei kitu.

Mwana wa Kibokoni:
Nimempigia simu sasa hivi. Amesema karatasi haitoki nyumbani kwake, akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuuliza habari za ukingo. Jumatatu nitakwenda Fort Jesus. Mashine sitaiuza kwanza, mpaka nisikie watakalosema.