Tupeane uzoefu: kwenda Gedi na Fort Jesus ukiwa na mtoto mchanga

Wanajamvi, likizo hizo zinakuja, na swali ni lile lile: Magofu ya Gedi, mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, yenye msitu wake na vyombo vyake vya kale, yanafaa kwa mtoto asiyetimiza mwaka? Na Fort Jesus, ngome ya Wareno kule Mombasa, je? Andikeni yatakayomsaidia mtu siku yenyewe: njia, saa, maziwa, mbu, cha kutazama.

Mtembeza wageni, Watamu
Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani. Njia za Gedi ni udongo uliojaa mizizi, na nyumba zenyewe zina vizingiti vya mawe na milango myembamba. Gurudumu dogo likigonga mzizi, kigari huinamia mbele. Leso yatosha. Fikeni asubuhi mapema kabla joto halijapanda, na mwondoke kabla ya jioni, maana mbu wa msituni hawana huruma. Kutoka njia panda ya Gede, mji ulio jirani na magofu, shikeni tuktuk. Bodaboda na mtoto mchanga, hapana. Simu iwe na chaji, malipo ni ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya.

Jambo kubwa ni kima. Wamezoeshwa ndizi na wageni, na wakisikia mfuko wa plastiki ukichakarika wanashuka mitini. Chupa ya uji kwao ni chakula tu. Kila kinacholiwa kiwe ndani ya begi la zipu, na mtoto akiwa mgongoni begi likae mbele. Msimlishe katikati ya magofu, rudini langoni. Kima akinyakua kitu, mwachieni. Mkivutana naye atauma, na jeraha la kima, hata mkwaruzo, huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Muuguzi wa kliniki ya watoto
Naongezea hapo kwenye leso. Mtoto ambaye shingo haijakaza abebwe mbele, mgongoni bado. Kidevu kisilalie kifua chake: vidole viwili vipite katikati. Magoti yawe juu kuliko makalio, na uso uonekane wakati wote. Kupima joto, gusa nyuma ya shingo, mikono hudanganya. Ukikuta pamelowa jasho, fungua leso, kaa kivulini, nyonyesha.

Chini ya miezi 6 hapewi maji, hata jua liwake vipi. Anyonye mara nyingi zaidi, basi. Kwa wa maziwa ya kopo, beba unga uliopimwa kwenye chupa kavu iliyochemshwa, na maji ya moto kwenye themosi nzuri, kwa sababu yakishuka chini ya nyuzi 70 hayaui vijidudu vilivyomo kwenye unga wenyewe. Changanya pale pale, poza, mpe. Yakipita saa 2, mwaga. Maziwa yaliyotengenezwa nyumbani asubuhi na kubebwa begini kwenye joto la Malindi ndiyo huharisha watoto.

Dawa ya mbu ya kupaka hapana kabla ya miezi 2. Mvishe mikono mirefu na soksi, umfunike kwa neti. Mafuta ya kuzuia jua ngojeni miezi 6, kwa sasa kofia na kivuli.

Mpenzi wa vyombo vya kale
Vyombo navyo visisahaulike, ndivyo tulivyoendea! James Kirkman alianza kuchimba Gedi mwaka 1948, na nyumba zikaitwa kwa vilivyopatikana ndani: moja kwa bakuli la kauri, nyingine kwa mkasi, nyingine kwa taa ya chuma.

Mtoto wa wiki za mwanzo huona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 na hupenda rangi zinazopingana. Anza na vipande vya kauri ya Kichina vya buluu na nyeupe. Seladoni, kauri ya kijani iliyofifia, haimshiki. Simama upande kidogo ili mwanga usirudi kwenye kioo cha kabati, tulia hadi macho yake yatue, ndipo usogee.

Na wewe mkubwa, usivipite vyungu vya wenyeji. Wengi hukimbilia vya Uchina, na mimi naona ni dhuluma. Tazama shingo ya chungu: michoro ile ilichanjwa udongo ukiwa bado mbichi. Tazama na kitako, masizi ya jikoni mara nyingine bado yapo.

Mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa
Fort Jesus, iliyojengwa 1593 hadi 1596, ua wake ni wazi na adhuhuri mawe yanachoma. Pitieni ua asubuhi, vyumba vya maonyesho muviache kwa saa za jua kali. Ulizieni vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Begi la mgongoni ligeuzeni mbele kabla ya kukaribia makabati. Juu ya kuta, kingo ni fupi mahali pengine. Mwenye mtoto asipande huku anapiga picha.

Swali: Na anayetambaa, Gedi anawekwa wapi?

Mtembeza wageni, Watamu
Ndani ya magofu asiwekwe chini, dada. Kuna visima virefu, na matumbawe yaliyovunjika yana makali. Tandika leso ya pili pakavu karibu na lango, ukague siafu kwanza, hasa baada ya mvua. Ukimaliza, ikung'ute pande zote mbili kabla ya kumfungia tena.