Tumepigwa mchana kweupe: euro 120 kwa kichwa kwenda kutazama milango iliyofungwa ya makasri ya Parma

Wakuu, salamu. Naandika hasira bado haijashuka, nikiparuza mtanisamehe. Mlioko Italia, na mnaotarajia kuleta wazazi huku kutembea, someni mpaka mwisho kabla hamjamtumia mtu hela.

Mwezi wa tano nilimleta mjomba wangu kutoka Tanga. Ni fundi mwashi mstaafu, ana miaka 72, na 40 kati ya hiyo kaimaliza kwenye chokaa na matofali. Ukimwuliza anataka kuona nini Ulaya, hakutajii maduka wala uwanja wa San Siro. Anataka ngome. Zamani alifika Mombasa akatembezwa Fort Jesus, akaambiwa kwamba ngome ile Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, lakini aliyeichora ni Mwitaliano wa Milano, Giovanni Battista Cairati. Basi tangu siku hiyo jambo halimtoki: kama Mombasa walijenga vile, kwao wamejengaje? Na mimi naishi hapa hapa Milano. Nikamwambia mjomba, hilo dogo.

Ndipo akatokea huyu ndugu yetu. Simtaji jina. Ni Mswahili mwenzetu, anatangaza safari kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa Afrika Mashariki tulioko Ulaya. Tangazo lilikuwa tamu kama kashata: makasri matatu ya mkoa wa Parma kwa siku moja, yaani Torrechiara, Bardi na Fontanellato. Viingilio vimo, mwongozaji wa Kiswahili yumo, chakula cha mchana halali kimo, basi lina kiyoyozi. Euro 120 kwa kichwa. Nikalipa 240, risiti ninayo.

Safari ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Siku tatu kabla ukaja ujumbe: imesogezwa Jumatatu, "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu." Dereva alikuja kuniambia sababu yenyewe baadaye tukiwa tumesimama kituo cha mafuta: Jumatatu basi hukodishwa kwa bei nafuu. Sasa shikeni hapo hapo. Tangu mwaka 2014 makumbusho ya serikali Italia huingiwa bure kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Torrechiara ni mali ya serikali. Na Jumatatu? Hufungwa! Mtu yeyote anayejiita wakala wa utalii Italia anajua kwamba Jumatatu sehemu nyingi za serikali zimefungwa, kama kinyozi anavyojua wembe. Yaani ametutoa kwenye siku ya bure akatupeleka siku ya kufuli, na hela ya kiingilio kaila.

Tulitakiwa kuondoka saa moja asubuhi, tukaondoka saa mbili na nusu. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza joto. Huyo "mwongozaji wa Kiswahili" ni binamu yake, kijana mdogo, anasoma kwenye simu huku akitafsiri papo kwa papo. Akatuambia Torrechiara ilijengwa na Warumi. Mjomba akanyoosha mkono kama yuko darasani: "Mwanangu, Warumi wa mwaka gani hao?" Kijana akapandisha sauti ya muziki.

Kwa faida ya waliokuwa kwenye lile basi: Torrechiara ilijengwa kati ya 1448 na 1460 na bwana mmoja mwanajeshi, Pier Maria Rossi. Kwa nje ni ngome kweli kweli, minara minne ya matofali juu ya kilima, kuta mizunguko mitatu. Kwa ndani alimjengea mpenzi wake, Bianca Pellegrini. Na Rossi alikuwa na mke wake, na Bianca alikuwa na mume wake. Si mambo ya kuhadithia mbele ya mjomba, lakini ndiyo historia, na hata hiyo hatukupewa.

Basi likatushusha chini. Mzee mwenye goti bovu akapanda kile kilima kwa miguu, pole pole, ananishika bega. Tumefika juu, tumepita vile vinyumba vya mawe, tunakuta lango la mti limefungwa na kibao kidogo kimeandikwa kwamba Jumatatu hapafunguliwi. Mjomba akaniuliza kinasemaje. Nikashindwa kumjibu, wakuu. Akaelewa mwenyewe. Akaenda ukutani, akapitisha ukucha kwenye kiungo cha tofali na tofali, akasema, "Aliyejenga hapa hakuwa na haraka." Akakaa kwenye jiwe. Safari ya kutoka Tanga hadi pale, na alichopata ni kugusa ukuta.

Ndugu yetu wala hakushtuka. Akapiga makofi: "Jamani picha, picha! Kwa nje ndiyo inapendeza zaidi!"

Sasa lije la pili, ambalo ndilo limenifanya nianzishe huu uzi. Chini ya Torrechiara kuna mji unaitwa Langhirano. Anayeijua Italia keshacheka. Langhirano ndiko kunakokaushwa ile nyama maarufu ya Parma. Majengo yana madirisha marefu membamba, huyafungua upepo wa milimani upite, mapaja yananing'inia humo mamia kwa mamia zaidi ya mwaka, halafu yanapigwa muhuri wa moto wa taji. Ni ufundi, sikatai. Lakini ni KITI MOTO, wakuu, nyama ya nguruwe. Kiti moto! Nusu ya abiria ni Waislamu, tangazo limesema chakula halali, na hapo ndipo tulipopelekwa "kula". Tukakaa saa nzima na dakika arobaini. Ndugu yetu yuko kaunta anacheka na wenye duka, na kila anayenunua paja yeye anaandika kwenye kijidaftari. Hamna haja ya kuambiwa kile kijidaftari ni cha nini. Mjomba alikaa nje kwenye kivuli cha ukuta na andazi alilobeba kutoka kwangu. Akina mama wawili wa Mombasa walikuwa wanalia kwa hasira. Ilipofika saa nane tukagawiwa ndizi moja moja na maji. Hicho ndicho chakula halali.

Bardi ikafa hivi hivi. Iko kwenye bonde la mto Ceno, barabara ya milima na kona tupu, dereva akasema muda hautoshi. Angalijua hilo asubuhi mtu aliyepanga ratiba kwa kutumia ramani. Badala yake binamu akatusimulia ndani ya basi hadithi ya mzimu wa Bardi: Soleste alimngoja Moroello arudi vitani, akaona askari wanakuja wamevaa rangi za adui, akajirusha kutoka juu ya ngome, kumbe ni Moroello mwenyewe kavaa hizo nguo kwa kujigamba kwamba ameshinda. Basi tukawa tumesikia mzimu wa ngome tusiyoiona.

Fontanellato tukafika saa kumi na mbili na dakika ishirini. Ile iko katikati ya mji, imezungukwa na handaki lenye maji mpaka leo, unavuka kidaraja. Ndani kuna chumba kidogo alichokichora mchoraji Parmigianino mwaka 1524, hadithi ya kale ya Diana, mungu wa kike wa uwindaji, na yule mwindaji aliyegeuzwa kulungu. Mama wa tiketi, kwa adabu kabisa, akasema kundi la mwisho limeshaingia. Tukabaki tunazunguka uwanjani kama kuku wasio na banda.

Na kuna jambo nimelijua baadaye, nikacheka kwa uchungu. Kwenye mnara mmoja wa Fontanellato kuna chumba cha giza chenye vioo vinavyochukua taswira ya ule uwanja wa nje na kuimwaga kwenye ubao mweupe ndani, watu wakitembea unawaona wakitembea. Lile kundi la mwisho lilikuwa humo ndani. Kwa hiyo huenda waliolipa euro chache mlangoni walikuwa wanatutazama sisi wa euro 120.

Nilipodai hela, nikajibiwa kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne: "Dada, kasri si umeliona? Au ulitaka kulala humo?" Kisha akanitoa kwenye kundi, na wale akina mama wa Mombasa akawatoa pia.

Siwalaumu Wataliano. Jumatano ile ile nilichukua ruhusa kazini, tukapanda treni mimi na mjomba mpaka Parma, halafu basi la abiria linaloelekea Langhirano, tukashuka Torrechiara. Lango liko wazi. Kiingilio hakikufika hata euro kumi kwa mtu. Mjomba alikaa karibu saa nzima kwenye Chumba cha Dhahabu. Dhahabu yenyewe haipo tena, vimebaki vigae vya udongo vyenye mioyo miwili na herufi za majina ya Rossi na Bianca, na juu darini amechorwa Bianca amevaa kihujaji, anapita ngome moja baada ya nyingine akimtafuta mwenzake. Mzee hakuuliza ni nani kamuoa nani. Alikuwa anahesabu vigae.

Ninachotaka ni euro 240 zangu. Risiti ninazo, lile tangazo nimelipiga picha kabla hajalifuta, na tuko kumi na moja tuliokubaliana kwenda polisi pamoja tarehe 15. Waliosafiri naye safari za Venezia na Toscana nao wakiwa na risiti waniandikie faragha. Mjomba anarudi Tanga wiki ijayo, na kila jioni akimaliza kuswali ananiuliza, "Yule kijana hajarudisha tu?"