Nimetoka Android kuja iPhone nimekwama, na voisi za marehemu mama ziko kwenye simu ya zamani

MamaVitenge – Jumanne saa 3:12 usiku

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naomba mnisaidie maana hapa nilipo sina mtu wa karibu wa kumuuliza. Mimi ni Android tangu 2015, simu ya mwisho ni Tecno ninayo mpaka leo, niliiangusha kioo kikapasuka pembeni ila inapiga kazi. Wiki iliyopita kaka yangu aliyeko Muscat kanitumia iPhone 13 kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani, nikafurahi sana nikaanza kuitumia siku hiyohiyo, leo ni siku ya nne na kichwa kinaniuma.

Kwanza kurudi nyuma. Haina kile kimshale cha chini! Nikiingia kwenye status ya mtu sijui natokaje, natoka mpaka nje kabisa ndo naingia upya. Kidole gumba kinaenda chenyewe pale chini kutafuta kitu ambacho hakipo, mpaka usiku nikiwa nimelala nahisi kidole kinatafuta.

Pili laini. Nina laini mbili, moja ya M-Pesa ambayo wateja wote wananilipia na nyingine ya ndugu na kikoba. Huku kile kidude cha laini kina nafasi moja tu, nimegeuza huku na huku sioni ya pili inakaa wapi.

Tatu ndo inayoninyima usingizi. Nauza vitenge hapa Mbeya, oda zangu zote ni WhatsApp. Nimeingiza namba yangu kwenye iPhone ikafunguka tupu, hamna chati hata moja, wakati kwenye Tecno bakap ilikuwa inajifanya kila usiku. Fundi mmoja wa mtaani akaniambia ndivyo ilivyo, za Android hazihamii iPhone, nimletee Tecno aifomati nimpe mtoto wa dada anayeingia form five. Sijampeleka bado.

Oda naweza kuzianza upya, wateja wananijua. Ila mama yangu alifariki mwaka juzi. Mama hakuwa anaandika mesej, alikuwa ananitumia voisi kila asubuhi kutoka Tukuyu kabla hajaenda shambani, anaanza na "ugonile mwanangu", nyuma unasikia jogoo, halafu ananiambia mvua imenyesha au haijanyesha na migomba imefikia wapi. Zipo nyingi sana. Ndo kitu pekee chenye sauti yake nilichobaki nacho. Naomba mtu anayejua kweli anijibu, je zinahama au hazihami?

FundiMwanza – Jumanne saa 3:40 usiku

Dada pole sana na msiba hata kama ni wa mwaka juzi. Na nakuomba kitu kimoja kabla sijasema kingine, HIYO TECNO USIIFOMATI wala usimpe mtu, weka kabatini mpaka tumalize hapa. Hata hiyo apu ya WhatsApp iliyo ndani usiifute.

Zinahama. Huyo fundi alikuwa sahihi miaka ya nyuma, ila tangu 2022 inawezekana na ni njia rasmi, sio zile apu za kulipia za mtandaoni. Kilichokufanya uone tupu ni hiki, bakap ya Android inakaa Google Drive na iPhone inatafuta ya kwake iCloud, hivi viwili havisomani. Kwahiyo bakap yako ipo salama tu ila iPhone haiioni.

Kuna apu inaitwa Move to iOS, unaipakua Play Store kwenye Tecno. Tatizo lako ni kwamba uhamisho huu unafanyika pale simu mpya inapoanzishwa kwa mara ya kwanza, kwenye ile hatua inayokuuliza unataka kuleta vitu kutoka wapi, na wewe umeshaipita. Kwahiyo iPhone ndo itafutwa iwe kama mpya, Setingi, General, nenda chini kabisa Transfer or Reset iPhone, halafu Erase All Content and Settings. Umetumia siku nne tu hivyo hupotezi kitu kikubwa, ila picha ulizopiga humo zitoe kwanza.

Kabla ya hapo rudi kwenye Tecno, fungua WhatsApp, itakudai uthibitishe namba upya kwasababu umeihamishia kule, weka ile kodi, yaani namba za kuthibitisha zinazokuja kwa mesej. Chati zako zote utazikuta palepale, zile zimekaa ndani ya simu, hazikufutika. Ukiziona vuta pumzi ndo tuendelee.

Na mimi kwa kitu kama sauti ya mzazi siamini njia moja. Kabla hujagusa chochote chukua waya uunganishe Tecno na laptop ya mtu unayemwamini, ingia folda ya Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, humo kuna folda inaitwa WhatsApp Voice Notes. Ndani utakuta vifolda vingi vyenye namba tupu, hiyo ni mwaka na wiki. Faili lenyewe limeandikwa hivi PTT-20230411-WA0003.opus, maana yake ni voisi ya tarehe 11 mwezi wa 4 mwaka 2023. Kopi folda yote weka kwenye flashi, kopi nyingine weka Google Drive. Kwenye laptop zinafunguka kwa apu ya VLC. Hapo hata uhamisho ukigoma mama yuko salama.

dogo_wa_kimara – Jumanne saa 4:05 usiku

Fundi kamaliza ya WhatsApp mi niongezee ya kurudi nyuma maana nilihangaika nayo wiki nzima. Weka kidole ukingoni kabisa mwa kioo upande wa kushoto, nje pale kava linapoishia, buruta kwenda kulia, inarudi. Sehemu nyingine haikubali hivyo, status kwa mfano unaburuta kutoka juu kwenda chini inajifunga. Picha pia hivyohivyo.

Ukiona bado washa AssistiveTouch, Setingi, Accessibility, Touch, itatokea duara ndogo juu ya kioo unaisogeza unapotaka. Sio kurudi nyuma hasa ila inakupa kitu cha kubonyeza, mamangu mdogo namuwekea hivyo na hajawahi kulalamika.

Na kibodi, zima Auto-Correction kule General, Keyboard. Unaandika Kiswahili yeye anakupachikia Kiingereza, unaweza kumjibu mteja kitu usichokiandika. Mi niliweka Gboard ileile ya Android, mikono ikatulia siku hiyohiyo. Kuna kitu kimoja nilikipenda sana huku, ukikosea neno katikati ya sentensi shikilia spesi usiachie, herufi zote kwenye kibodi zinapotea unaburuta kile kimstari cha kuandikia mpaka kwenye kosa lenyewe.

Njoro254 – Jumatano saa 1:20 asubuhi

Pole dada kwa kumpoteza mama. Mimi niko Nairobi, nilihama mwaka jana, na kitu kilinisumbua ni M-Pesa. Huku kwetu wengi tunatumia ile menu ya laini, SIM toolkit, kwa Android iko kama apu. Kwa iPhone niliitafuta siku mbili nikidhani laini imeharibika, kumbe iko Setingi, Cellular ama Mobile Service kwa simu zingine, ndani kuna SIM Applications. Nyinyi Tanzania naona mnapiga namba tu kwa hivyo wewe hutasumbuka.

Kuhusu laini ya pili, hiyo iPhone 13 yako inakubali mbili, ila moja ni kadi na ingine ni eSIM, yaani laini isiyo na kadi inawekwa ndani ya simu. Zile zenye nafasi mbili za kadi huwa za soko la China na Hong Kong. Na ukisikia mtu anakuuzia iPhone 14 kwenda juu iliyotoka Marekani jua haina mahali pa kadi kabisa.

FundiMwanza – Jumatano saa 1:55 asubuhi

Mkuu wa Nairobi umeongea point. Dada nikuongezee, laini ya M-Pesa iache iwe ya kadi na ile ya ndugu ndo ukaibadilishe iwe eSIM. Sababu ni biashara yako, siku simu ikizimika au ikianguka kwenye maji unachomoa kadi unaiweka kwenye kitochi chochote unapiga *150*00# na maisha yanaendelea. eSIM huwezi kuichomoa, mpaka urudi dukani kwa mtandao wako. Mimi yangu nilienda na namba ya NIDA nikaweka kidole gumba dakika chache nikatoka nayo. Namba haibadiliki na hela iliyomo haiendi popote.

Zikishakuwa mbili, ukitaka kupiga hiyo menyu angalia juu ya namba pameandikwa jina la laini, bonyeza hapo uchague ya M-Pesa kwanza. Wengi wanapiga kwa laini ya pili wanaletewa jibu la ajabu wanadhani simu ni mbovu.

AbuuTanga – Jumatano saa 2:30 asubuhi

Assalaam aleikum. Subirini jamani kabla dada hajafuta hiyo iPhone. Dada, fungua Setingi, juu kabisa kuna jina la mtu na kiduara cha picha. Ni jina lako au la kaka yako?

MamaVitenge – Jumatano saa 6:48 mchana

Waaleikum salaam. Ni la kaka. Na sasa umenifumbua kitu, maana tangu juzi naona picha za watoto wa kaka zinaingia kwenye simu yangu, birthday, wako beach, nikadhani ameniwekea makusudi niwaone wanavyokua. Kumbe na zangu za vitenge zinaenda kwake?

AbuuTanga – Jumatano saa 7:10 mchana

Ndiyo, zinaenda, maana hilo jina ni akaunti yake ya Apple na simu bado iko ndani yake. Na hilo la picha ndo dogo. Simu ikiwa imefungwa na akaunti ya mtu ukaifuta bila yeye, inawaka halafu inakuomba paswedi yake na haikuachii kupita. Mimi hapa nimeona watu wameuziwa za namna hiyo wanabaki na kipande cha kioo. Wewe una bahati mwenye akaunti ni ndugu yako wa damu na yuko hewani. Mpigie video, mkiwa wote mnaangalia, shuka chini ya hilo jina ubonyeze Sign Out, itadai paswedi yake, akutajie, uingize. Picha zake ukiulizwa kama zibaki nakala usiziache. Ukimaliza naye abadilishe paswedi yake siku hiyohiyo. Halafu ndo ufute, na simu ikianza upya ufungue akaunti ya jina lako mwenyewe kwa imeili yako, na hiyo paswedi uiandike kwenye daftari la nyumbani sio kwenye simu.

dogo_wa_kimara – Jumatano saa 7:31 mchana

Aisee Abuu umeokoa simu ya mtu.

FundiMwanza – Jumatano saa 2:15 usiku

Abuu asante, mimi hilo lilinipita kabisa na ningemwingiza dada shimoni. Dada siku ya kuhamisha, simu zote mbili ziwe kwenye chaji na Waifai moja. iPhone itakuonyesha kodi, unaiandika kwenye Tecno, kwenye orodha ya vitu vya kuhamisha usisahau kutiki WhatsApp, itakupeleka ndani ya WhatsApp ubonyeze Start, ikimaliza kuandaa bonyeza Next. Tecno usiiguse wala usifungue apu nyingine mpaka iPhone iseme imemaliza, hata ule mstari ukisema dakika moja ukakaa robo saa muache. Ukimaliza unapakua WhatsApp kwenye iPhone unaingia kwa namba ileile. Kumbukumbu za kupiga simu ndani ya WhatsApp hazihami, chati na voisi zinahama.

MamaVitenge – Jumapili saa 11:20 jioni

Wakuu nimerudi, samahani kwa kuchelewa niliogopa nikawa naahirisha.

Alhamisi nilienda kwa jirani mwalimu ana laptop. Tukakuta hivyo vifolda vya namba kama ulivyosema fundi. Nilidhani voisi za mama zipo kama mia, ila zimechanganyika na za wateja na za kikoba, hivyo tumekopi zote bila kuchagua, flashi moja ninayo mimi nyingine nimempa dada yangu. Mwalimu akafungua moja kujaribu, tarehe 2 mwezi wa 11, ikawa ya mteja anauliza bei ya doti. Akafungua nyingine, jogoo kwanza, halafu mama. Mwalimu akatoka nje akaniacha.

Jana kaka tulipigiana, akatoa akaunti yake, alikuwa hajui kabisa kama picha zangu zinamfikia, kasema mke wake alikuwa anamuuliza hivi vitenge vyote ni vya nani. Nikafuta simu, nikafungua akaunti yangu. Uhamisho ulianza saa 3 usiku, kwenye kioo ukaandika zimebaki dakika 40, ukachukua zaidi ya saa mbili. Nilikaa palepale sakafuni karibu na soketi naziangalia, nimefunika Tecno na kitambaa watoto wasiiguse. Ilipomaliza nikaweka WhatsApp, namba, kodi, na chati zikaanza kushuka moja moja. Ya mama nilikuwa nimeipini juu, pini haikuwepo, nikaandika jina nikaitafuta. Ipo. Yote ipo mpaka ile ya mwisho ya sekunde 19 anaposema nipeleke hela ya mbolea kwa mjomba.

Namba za watu baadhi zilikuwa kwenye laini ya zamani, zenyewe hazikuja.

FundiMwanza – Jumapili saa 11:34 jioni

Nimefurahi sana dada, kweli kabisa. Hizo za kwenye laini, weka hiyo kadi kwenye iPhone kwa muda, Setingi, Contacts, Import SIM Contacts. Kama umeiapdeti karibuni hiyo Contacts iko ndani ya Apps huko chini. Fanya hivyo kabla hujaenda kuibadilisha iwe eSIM maana kadi ile ikishakufa na namba zilizomo zimeenda.

MamaVitenge – Jumapili saa 12:02 jioni

Nimefanya sasa hivi, zimeingia 83. Kesho asubuhi naenda dukani kwa ajili ya eSIM. Na Tecno mtoto wa dada nimemwambia asubiri kwanza mpaka likizo.