Tupeane uzoefu: Reflections, albamu ya Don Williams, yule mwimbaji wa country wa Marekani, ilikukuta wapi?

Mama Kahawa: Jana kwenye matatu ya Nakuru dereva aliweka Reflections, nikapitiliza steji yangu nimenyamaza tu. Mzee aliitoa 2014 akiwa na miaka 74, nyimbo 10, hakuna hata mmoja wenye haraka. Sauti imezama kidogo lakini ni ile ile. Nyinyi iliwakuta wapi?

Fundi Saa: Jikoni kwa marehemu mama, anachambua maharagwe. Sisemi zaidi.

Dereva wa Usiku: Mimi niacheni niseme yote. Nilikuwa sijaongea na mzee wangu miaka miwili, mambo ya shamba. Septemba 2017 natoka Kitale na lori la mahindi, redio zote ni Mahakama ya Juu na marudio ya uchaguzi, mara wakasema Don Williams amefariki. Nikaegesha Timboroa kwenye ukungu, nikampigia. Akapokea, akasema, "Nimesikia." Tukakaa kimya, salio linaisha. Kisha akauliza kama ninayo ile ya mwisho, maana yeye alibaki na kanda tu, zile tulizokuwa tukirudisha kwa kalamu. Jumamosi nikampelekea kwenye flashi. Aliketi na koti lake, redio gotini, habari ya shamba hakuitaja kabisa.

Kubaya kulikuja baadaye. Alipofariki niliomba upigwe hata wimbo mmoja kaburini. Kamati ikasema nyimbo za dunia hapana, na kaka yangu akasema mbele za watu kwamba nilimletea mzee muziki badala ya kumwomba msamaha. Nilikwenda kukaa ndani ya lori mpaka watu wakamaliza kula.

Mwana Molo: Pole sana ndugu yangu. Hapo kwa kanda na kalamu nimelia.

Bwana Shemasi: Pole, lakini kamati haikukosea. Mazishi yana utaratibu wake.

Mama Kahawa: Utaratibu gani unaomnyima marehemu wimbo alioupenda? Shemasi, wewe umewahi kuisikiliza hii albamu?

Bwana Shemasi: Ninayo nyumbani, naipenda. Kaburini ni kaburini.

Msikivu: Halafu si ya mwisho. Ya mwisho ni ile ya Ireland, 2016.

Fundi Saa: Hiyo ni ya jukwaani. Ya mwisho ya studio ni Reflections, na aliirekodi na Garth Fundis, prodyuza wake wa miaka mingi.

Msikivu: Albamu ni albamu.

Mkulima wa Njoro: Tumwache Don kidogo. Dereva, nenda kwa kaka yako, na uende mikono mitupu. Usibebe hata redio.

Mama Kahawa: Asiende! Mwenye kudai msamaha alikuwa mzee, na alipokea simu. Yakaisha.

Mwana Molo: Nenda kaburini siku ya kawaida, asubuhi, umpigie mwenyewe. Mimi nilimfanyia hivyo babu, hakuna aliyeniuliza.

Fundi Saa: Ulitaka upigwe upi?

Dereva wa Usiku: Ule wa Merle Haggard ambao Don ameuimba humo kwenye Reflections, Sing Me Back Home. Mfungwa anapelekwa kuuawa, anaomba rafiki yake amwimbie kwanza. Siku ile mzee aliniuliza, huyu alikosa nini? Nikamwambia wimbo hausemi. Akatazama redio, akasema, "Basi rudisha mwanzo."