Naomba ushauri: kikomo cha poka baada ya wiki ya usingizi wa saa 5

Wakuu, habari. Kazi imebana wiki nzima, usingizi saa 5 kwa usiku, na mapumziko ni poka ya Texas Hold'em (mchezo wa karata wa kuwekeana dau). Kinachoharibika kwanza ni hesabu. Mfano: una kopa nne, ukihesabu na za mezani, unasubiri ya tano ili ushinde, imebaki karata moja kufunguliwa, katikati kuna 100, mpinzani anaweka 50. Kulipa 50 ili upate 150 kunahitaji uwezekano wa 25% (50 yako kati ya jumla ya 200), lakini kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 46 usizoziona, haifiki hata 20%. Kichwa kilichochoka hulipa tu! Na kahawa ya usiku inakula usingizi wa kesho.

Je, nikomee mtaji mmoja ukiisha, au kengele ya dakika 90? Mashindano nayaogopa: ukiondoka mapema, kiingilio kimekwenda. Kikomo kipi hushikika kweli?